Benchi la Kinyozi na Darasa la Bahari

Aliyenisimulia kwanza ni mama mdogo, mwaka nilioanza kidato cha kwanza, tukimenya vitunguu jikoni kwake. Wakati wa kisa chenyewe alikuwa bado msichana wa shule, na aliyasikia yote kupitia dirisha la kibanda cha baba yake, yaani babu yangu, Kinyozi, alikokuwa akifagia nywele. Nje palikuwa na benchi. Mjomba hudai lilikuwa na egemeo. Mjomba hakuwapo, kwa hiyo halikuwa nalo. Hapo walinywa kahawa kila asubuhi watu watatu: babu, fundi viatu aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na tarishi mstaafu wa mahakama aliyeitwa Hakimu, ambaye alibeba majalada miaka mingi akaamini sheria humwingia mtu kupitia kwapani. Juma hilo wataalamu wa bahari walizungumza na wananchi ukumbini, wakionyesha picha. Watu wa benchi walikaa mstari wa mbele, wakapiga makofi kuliko wote. Sasa wataalamu walitaka kuwaingiza watoto majini, mahali pa kina cha kiunoni, wakiwa na miwani ya kuzamia, wakaone nyasi na viumbe wa chini. Mama mdogo alichaguliwa. Ilibaki ruhusa ya babu, na Mwalimu wa bahari angepita mwenyewe kuichukua.

— Binti yako umemjibuje? aliuliza Hakimu.

— Bado. Nasubiri kusikia wenye akili.

Basi wenye akili wakasogeza vikombe.

— Mimi niliwashtukia tangu picha ya kwanza, alisema Redio. Wanatafuta mafuta.

— Walionyesha nyasi, ndugu yangu.

— Ndiyo! Mtu anayetafuta mafuta atakuonyesha mafuta?

— Hapo ana hoja, alisema babu.

— Mafuta ni kitu kidogo, alisema Hakimu. Walisema watoto watahesabu majongoo bahari. Niambieni, serikali imewahi kuhesabu kitu ikaacha kukitoza kodi?

— Jongoo atalipa nini?

— Halipi yeye. Analipa jirani yake wa nchi kavu. Yaani wewe, Kinyozi.

Babu aliguna.

— Na zile chupa je? alidakia Redio. Kila wiki wanachota maji wanapeleka maabara. Haba na haba hujaza kibaba! Mtaona, wajukuu wetu watavuka ng'ambo kwa miguu.

— Bahari iishe kwa chupa, we Redio?

— Wingi si hoja. Hata kichwa chako kilikuwa na nywele.

Hakimu alivaa kofia yake.

— Lakini kwa nini watoto? aliuliza babu. Mbona hawanichukui mimi?

— Samaki mkunje angali mbichi, alidakia Redio. Wewe umeshakauka, umekuwa ng'onda.

— Hatari yenyewe ni ile miwani, alisema Hakimu kwa sauti ya hukumu. Mtoto akishaona ya chini, ya juu hayamtoshi tena. Atarudi nyumbani akuone wewe dagaa. Kisheria, hapo si mwanao, ni wa bahari.

— Kuna kifungu?

— Vipo viwili.

Ndani, ufagio ulisimama.

— Na wahenga walimaliza, aliongeza Redio. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ndiyo maana mwenye akili hayafiki.

— Basi haendi, alisema babu. Bahari si mahali pa mtoto wa mtu.

Mama mdogo anasema hakulia. Alifagia upya palipokwisha kufagiwa.

Mwalimu alifika muda si mrefu, suruali imelowa hadi magotini.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Jibu ni hapana. Bahari ni hatari.

— Kweli kabisa, mzee. Ni hatari.

Hilo hawakulitarajia. Redio, aliyekuwa na hoja nyingine tayari, aliimeza pamoja na kahawa.

— Mwanao huenda shule kwa njia gani? aliuliza Mwalimu.

— Juu ya ukuta wa gati, kama watoto wote.

— Siku akiteleza, kati yenu nani atamfuata majini?

Redio alikitazama kiatu cha mteja kana kwamba kina majibu.

— Redio? aliuliza babu.

— Mimi nina mgongo, unajua.

— Hakimu?

— Kisheria, anayeanza ni mzazi.

Mzazi alizaliwa mtaa ule ule, na maji ya bahari hayakuwahi kumpita kifundo cha mguu. Aliitazama bahari, pale mwisho wa barabara, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani aliyeishi naye maisha yote.

— Darasani kwenu, alisema hatimaye, mtoto anaanza kufundishwa nini?

— Kuelea, mzee.

— Lini?

— Kesho, maji yakipwa.

Babu aligeukia dirisha.

— We humo ndani! Acha huo ufagio. Tafuta nguo ya kulowa.

Mama mdogo yu hai. Mwalimu alikuwa hai mara ya mwisho tuliposikia habari zake; zaidi ya hapo siandiki. Babu, Redio na Hakimu wamefariki, kila mmoja kitandani kwake. Hakuna aliyekufa maji. Kufa maji hutaka kwanza uyakaribie.