Dokta Aliyekuwa Garde Wangu

Neema ya Mungu ikae na ninyi, ndugu zangu. Mi ni mujane wa Rugerero, wengi munanijua, nilikuwa navuka mupaka kupeleka nyanya Goma kila siku. Leo nataka kusema juu ya dokta mumoja. Jina lake silitaji, hapendi kusifiwa, na mi nimekuja kumusifu.

Ilianza na mugongo. Nikasema ni uzito wa beseni ya nyanya. Nikakandwa, nikapakwa mafuta, nikarudi mupakani. Hata asubuhi moja miguu ikakataa. Naiamuru, nayo imelala tu. Majirani wakanibeba mupaka hospitali ya serikali.

Dokta alikuwa binti ambaye ningeweza kumuzaa. Akanipima, akasema:

“Mama, ni kifua kikuu, kimeingia kwenye mifupa ya mugongo. Ukimeza dawa bila kukosa, miguu itarudi. Itachelewa, lakini itarudi.”

Bon. Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa unabebeka kama una mutu. Pale hospitalini kila mugonjwa ana garde wake, mutu wa nyumbani wa kumupikia, kumuosha, kumulisha. Mi sina mutoto, na dada yangu wa Goma alikuwa amekimbia vita, simu yake haiingii. Magarde wa wengine walinihurumia, wakanigawia viazi na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Lakini kuwaomba chombo cha choo? Mama muzima, wakuinue, wakupanguse? Niliona haya sana. Nikaacha kunywa maji ili nisiwasumbue. Kisha nikaacha kula. Mwisho nikaacha na vidonge, maana navyo vinataka maji. Nikawa naangalia ukuta tu.

Dokta akakuta midomo yangu imepasuka. Hakunigombeza.

“Mama, garde wako ni nani?”

“Sina, mwanangu. Acha tu nijiendee zangu.”

Akatoka. Nikasema, basi, na huyu nimemuchosha.

Jioni, kazi yake imeisha, nikamuona anaingia amejifunga kitenge juu ya suruali, na beseni ya maji ya moto mikononi. Akaniosha mugongo, akanipaka mafuta, akanichana nywele. Mama mumoja wa Busasamana, aliyekuwa garde wa mume wake, akacheka:

“Ee dokta! Na we uko garde leo?”

“Niko garde wake. Na choo chake ni mi nitakimwaga. Donc mama, kunywa.”

Nililia, nikanywa. Vidonge nikavimeza nikiwa bado nalia.

Alirudi hivyo jioni nyingi, mupaka wale wamama nao wakaanza kuniosha kwa zamu. Mama wa Busasamana akamuuliza kwa nini asiende kwenye kliniki ya matajiri Kigali, anaharibu ujana wake bure hapa. Dokta akaninyooshea kidole: “Na huyu, kule atafikaje?”

Kisha wakamuhamisha hospitali nyingine, mbali, karibu na mupaka wa Tanzania. Siku ya kuniaga, kidole gumba cha muguu wangu kilikuwa kimeanza kusogea. Akakishika, akacheka sana, akasema, “Dawa isikatike, mama.” Akaenda. Miguu ilirudi yeye ameshaondoka, na hapo ndipo panaponiuma.

Nina hamu naye, ndugu zangu, hamu isiyolala. Nikiona koti jeupe kwa mbali ninakaza mwendo, nikifika ni mutu mwingine. Watoto wa jirani wanasema tumutumie video. Video ya nini? Nataka nigonge mulango wake na mukono huu. Mugongo tu haujakubali basi ya safari ndefu.

Asante majirani mulionibeba. Asante wamama wa wodi ile, popote muliko. Asante Mungu uliyenipa dokta yule. Na ninyi ndugu zangu, mukienda kuona mugonjwa wenu, muangalie na kitanda cha pembeni. Muulize garde wake ni nani.

Muzee wa kanisa, nimeona umenisogezea kiti. Asante, baba, lakini acha nisimame. Ni hivi ndivyo natamani anione.