Dawa ya Presha kwa Mtoto Mwenye Haraka

Ndani ya basi la Mbeya kwenda Ubaruku, Nasri alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Nusrat, mjamzito wa miezi saba aliyetoka hospitali baada ya uchungu kumwanza mapema, alikuwa akimtajia mama wa pembeni, asiyemjua, dawa iliyouzuia uchungu huo.

"Nifedipini? Hiyo si yangu ya presha? Wamekosea faili, mwanangu!"

"Hapana, mama. Inalegeza na mji wa mimba. Walitaka kuchelewesha uzazi siku mbili tu, ili sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zifanye kazi. Leo ni siku ya kumi na moja."

"Basi mtoto kapewa dawa ya wazee, kadhani kazeeka, katulia."

Nusrat alicheka, ghafla akashika tumbo. Nasri akafumbua macho.

"Teke tu," Nusrat akasema, akishusha pumzi.

Basi likasimama Igawa. Mama akashuka, akamgeukia Nusrat dirishani: "Hata hivyo, kaulize tena kuhusu hilo faili!"