Nusu Saa kwa Baba

Pikapu ilipotoka Kisoro kuelekea Nkuringo, Mwalimu Turyasingura alikalia gunia la viazi akajifanya anasahihisha madaftari. Masikio yake yote yalikuwa kwa wawili waliokaa mbele yake: kijana mwongoza watalii mwenye sare mpya, na bibi mmoja wa Kitwa, jamii iliyokuwa ikiishi msituni.

"Bibi, msituni haingii mtu bila kibali," kijana alisema. "Mtawaambukiza gorila mafua."

"Masikini! Mimi nilizaliwa humo, nikapiga chafya humo miaka thelathini, mpaka mlipotufukuza. Sikumwona gorila hata mmoja akiugulia kitandani."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kupalilia kaburi la baba. Wageni wanavuka bahari kumtazama gorila akijikuna, mnawapa saa nzima. Mimi naomba nusu saa tu, na ninayemwendea hata kujikuna hajikuni."

Mwalimu akacheka puani, akatia alama ya vema kwenye hesabu iliyokosewa.

"Njoo Jumamosi basi," kijana akabembeleza. "Wageni wanataka ngoma ya watu wa msituni."

"Tucheze watu wa msituni, nje ya msitu?"

"Ndiyo utaratibu, bibi."

"Mna akili nyinyi! Basi leteni na gorila, acheze mkulima."

Kijana akachezea kifungo cha sare. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Baba yako aliitwa nani?"

Bibi akamtazama, safari hii bila kejeli. "Sebahire."

Pikapu ikasimama kwenye lango la msitu. Wakashuka wote wawili, na kabla vumbi halijatulia Mwalimu akawasikia wakianza upya kubishania ile nusu saa.