Lambert Osgood na Nyumba ya Bi Dowsett

Wanafamilia, wakuu wa Nyumba ya Wanasheria ya Crossfield, waigizaji, na majirani wa Clerkenwell, asanteni kwa kuja na mvua hii. Mimi ni Gervase, mdogo wake marehemu. Siku mbili kabla hajafariki, Lambert aliniagiza nisome maisha yake bila kumpamba. Kwenye benchi la nyuma ameketi Bi Philippa Dowsett, aliyepoteza nyumba yake kwa sababu ya marehemu. Nimesikia mnong'ono pale mlangoni kwamba hapaswi kuwa hapa. Aliyemwalika ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1581 mjini Thetford, mtoto wa kwanza wa Mzee Roger Osgood, mwanasheria wa mji ule, na Mama Cecily. Alipokuwa na miaka tisa na mimi sita, bata bukini wetu alimng'ata mama mguuni, na Lambert akafungua kesi jikoni. Yeye alikuwa jaji, sketi nyeusi ya mama ikiwa mabegani. Mimi akaniteua niwe wakili wa bata. Nilimwonea huruma bata yule, lakini niliposimama ulimi ulinikwama, nikabaki nalia tu. "Wakili wa mshtakiwa hana la kusema," Lambert akatangaza. "Mshtakiwa apelekwe chunguni." Tulimla siku ya Mtakatifu Mikaeli. Tangu hapo aliniita Wakili wa Bata, hata mbele ya wateja wangu.

Alisoma Kilatini katika shule ya mji, kisha miaka miwili Cambridge, na mwaka 1600 akaingia Crossfield kusomea uwakili. Waliokula naye ukumbini wanakumbuka zile kesi za kubuni tulizobishania baada ya chakula. Lambert alikuwa akishinda upande mmoja, kisha akiomba apewe upande wa pili ajishinde mwenyewe. Alasiri alivuka mto kwenda kwenye majumba ya michezo, akakuta nusu ya watazamaji ni wanasheria wenzake waliotoroka vitabu. Baba alimwandikia, "Nimekupeleka London usimame mbele ya majaji, si mbele ya wauza matufaha." Barua hiyo Lambert aliisoma ukumbini kwa sauti ya baba, na hata wakuu wakacheka.

Mwaka 1608, tarehe 2 Juni, alimwoa Susanna Pell katika kanisa hili hili. Baba yake Susanna alikuwa akishona majoho ya mawakili, na yaliyochakaa akiwauzia waigizaji. Lambert alisema mkwe mmoja alikuwa amemvisha katika kazi zake zote mbili, ya sheria na ya jukwaa. Walijaliwa binti mmoja, Thomasin.

Kazi. Aliandika michezo kumi na mmoja. Kwa ajili ya chakula alikuwa karani wa ushahidi katika Mahakama ya Chansela. Mnaujua utaratibu wetu, lakini niuseme kwa ajili ya majirani. Shahidi husikilizwa faraghani. Maneno yake huandikwa na kutiwa lakiri, ile nta ya muhuri, na hakuna upande unaoyaona mpaka mashahidi wote wasikilizwe. Karani huapa kutunza siri hiyo.

Mei 1612 aliandika ushahidi wa Agnes, mtumishi mzee wa Bi Dowsett. Mume wa Bi Dowsett alikuwa amemwachia mkewe nyumba kwa wosia, na shemeji yake akadai kwamba mgonjwa alitiwa kalamu mkononi akiwa hana fahamu tena. Ni Agnes peke yake aliyekuwepo. Alisema hivi: "Alitia sahihi, akaniambia, Agnes, pasha viatu vyangu moto, nataka nikautazame mlango wa zizi. Nikavipasha. Nilipogeuka alikuwa keshakata roho, nami nimeshika viatu, bado vina moto."

Septemba ile Lambert alinipa kurasa za mchezo mpya nizisome mezani kwake. Nilipofika kwenye viatu vile nililia.

"Haya umeyatoa wapi, kaka?"

"Kwa Agnes wa Dowsett."

"Si yametiwa lakiri hayo?"

"Majina nimebadilisha. Viatu ni viatu tu, nani atavijua? Niambie kweli, niyatoe?"

Nilikuwa wakili wa miaka minne. Nilijua lililopaswa kusemwa. Lakini nikamwambia, "Usiyaguse. Yaache yalivyo."

"Leo Wakili wa Bata kapata la kusema," akasema, akacheka.

Mchezo ulionyeshwa tarehe 8 Oktoba. Wakili wa shemeji alikuwepo, kwa kuwa sisi wanasheria sote huwa tupo. Wiki iliyofuata aliiambia mahakama kwamba mjane amemhonga karani autangaze ushahidi jukwaani ili watu wamwonee huruma. Mahakama ikautupa ushahidi wa Agnes. Agnes akafa majira yale ya baridi, na mwezi Februari Bi Dowsett akatolewa nyumbani kwake.

Lambert alikwenda kukiri. Alisema mjane hakujua lolote, kosa ni lake. Majaji walimjibu kwamba neno la mkosaji peke yake halitoshi. Wakamwuliza mara tatu kama kulikuwa na mtu mwingine aliyejua maneno yale yametoka wapi, na mara tatu akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na joho langu. Alifukuzwa kazi, na Crossfield ikafuta jina lake.

Baada ya hapo alikwenda kwa Bi Dowsett, kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la mishumaa. Alinisimulia mwenyewe. Bi Dowsett alimwacha asimame mlangoni. "Umeipeleka nyumba yangu jukwaani, Bwana Osgood. Watu walipiga makofi?"

"Walipiga, mama."

"Haya. Nenda."

Hakuandika mchezo tena. Kwa miaka kumi na zaidi alimwandikia mjane huyu maombi ya kufunguliwa upya kesi, na yote yakakataliwa kwa kukosa mtu wa pili. Kila ombi lilipokataliwa alikuja kwangu, akaketi, akazungumzia hali ya hewa. Hakuniomba. Nilikuwa na mke, wateja, na kiti karibu na meza ya wakuu, na kila mara nilimimina mvinyo na kuzungumzia hali ya hewa pamoja naye. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kifua kilimwanza mwezi Machi mwaka huu. Kufikia Agosti alikuwa akitema damu, na Susanna alimlisha mchuzi wa kuku kwa kijiko. Ijumaa iliyopita aliniita.

"Jumanne ombi la mwisho linasikilizwa," akasema. "Mimi sitakuwepo."

"Najua, kaka."

"Mshtakiwa ana wakili, au hana?"

Akaingoja sauti yangu kwa muda, kisha akageukia ukutani. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 1623, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili. Kaka yangu amekufa bila kupata jibu langu, na hilo haliponi.

Bi Dowsett, mimi ndiye mtu wa pili. Nilijua, na nilimwambia asiyatoe. Jumanne nitaapa hivyo mbele ya majaji. Wakuu wangu, sheria yetu kwa wakili aliyeficha jambo kama hili naijua, na sitawaomba mniachilie.

Marehemu ameacha mjane, Susanna, binti, Thomasin, na mdogo wake mmoja, Gervase, wakili mpaka Jumanne.

Mungu amlaze mahali penye amani.