Baba Konokono na Spika Zake za Pembeni

Marehemu, tuliyemjua wote kwa jina la Baba Konokono, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu na wa mwisho kwa mama yake, dada wa Mjomba aliyeandika wasifu huu. Sura aliirithi kwa Mjomba. Akili, kwa bahati mbaya, hakuipitia huko.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1971, akakwama. Mjomba aliishia la nne na hajapungukiwa na kitu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kupiga chapa, kwenye mashine ya kukata karatasi, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2012. Mtu mwenye akili, akishinda kwenye kelele mchana kutwa, hurudi nyumbani akalala. Yeye alirudi na mabaki ya kadibodi nene. Aliyakata kuwa kanda nyembamba, akazigandisha kwa gundi ya mbao moja juu ya nyingine huku akizizungusha, hadi akatoka konokono mwenye uwazi ndani, mkubwa kama ndoo. Mdomoni akafunga spika moja, upana wa kisosi, eti hiyo hiyo ibebe sauti zote, nzito na nyembamba! Mjomba, mwenye spika za harusini zinazotikisa mabati ya mtaa wa pili, alicheka hadi akakaa chini. Na kichekesho zaidi, konokono wawili wa kwanza walijikunja upande mmoja.

"Mpwa wangu, umeshona viatu viwili vya mguu wa kushoto!"

"Cheka tu, mjomba. Utakuja kuomba kusikiliza."

Akamvunja mmoja, akaanza upya kwa kumkunja upande wa pili, ili kila konokono apate pembe yake ya chumba.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa mshonaji, mwanamke mwenye subira kuliko alivyostahili.

"Madude haya yatakaa wapi?" mke aliuliza.

"Pembeni."

"Nyumba ina pembe nne, mume wangu, na tatu umeshazijaza makadibodi."

Yakakaa pembe mbili za sebule, cherehani katikati. Kila jioni waliweka wimbo wa zamani wa waimbaji wawili. Mmoja aliuliza kutoka kwa konokono wa kushoto, mwingine akajibu kutoka kwa wa kulia, na mkewe akashona katikati yao kama mwamuzi.

Walijaliwa wana wawili: Mkubwa, muuza simu, na Mdogo, dereva wa mkurugenzi, anayejiona mkurugenzi. Wageni wao wakija, waliwafunika konokono kwa vitambaa. "Baba anacheza na maboksi," walisema, na gari la maana hata mmoja hana.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 2023, mkewe akiwa kando yake. Wana walipiga simu. Kisha, turubai la msiba halijafungwa, Mkubwa akambeba konokono wa kushoto, eti kumbukumbu. Mdogo, asikubali kupitwa, akambeba wa kulia. Fisi angalau husubiri giza.

Juzi Mkubwa akampigia Mjomba simu. "Babu, spika ya baba mbovu. Jamaa wa kwenye wimbo anauliza, anauliza, hajibiwi."

"Anayejibu yuko kwa mdogo wako, mbumbumbu wewe. Rudisheni kwa mama yenu."

"Basi aanze yeye."

Mdogo naye: "Atangulie kaka, babu. Si ndiye mkubwa?"

Mjane hakuwagombeza. Alimwambia Mjomba tu, "Sitaki ugomvi. Nataka nikikaa kwenye cherehani, niwe katikati yao tena."

Marehemu ameacha mjane, wana wawili wenye ndevu na wasio na haya, wajukuu watano, na Mjomba mwenye afya tele.

Wana hao leo wamekuja kila mmoja na konokono wake kwenye buti ya gari, akimngoja mwenzake atangulie. Mjomba amechungulia, amewaona. Jeneza liko sebuleni, kati ya pembe mbili tupu, na msafara hauondoki. Inukeni, mkawalete konokono, muwaweke pembeni mwao mama yenu akiwaona.

Apumzike kwa amani, ninyi mkishamaliza.