Mama Kamba na Ncha ya Pili ya Utepe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama aliyetumia maisha yake kuwaonyesha watu mahali pao panapoishia. Alikuwa mpima ardhi. Walimwita Mama Kamba. Yeye na mdogo wake wa kiume ndio walioanzisha kampuni ya upimaji, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, kwa utepe wa kupimia waliorithi kwa baba yao.

Utepe una ncha mbili, wasikilizaji. Dada mtu ncha hii, mdogo mtu ile, katikati vichaka na kelele za magari. Kuitana hakufai. Kwa hiyo walivutana. Mvuto mmoja: nimeshika. Mivuto miwili: soma kipimo.

Siku moja wakapima kiwanja cha marehemu baba yao, wagawane. Mstari ukapita katikati ya sebule ya nyumba ambayo mdogo mtu alikuwa amekwisha kuijenga hapo.

"Dada, sogeza kidogo tu. Nani atajua?"

Mama Kamba akasimika jiwe la mpaka palepale, kando ya kochi. "Tukisogeza jiwe letu, nani ataamini tulilompimia?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Kuta za watu ngapi zilibomolewa kwa vipimo vyao? Sasa ikawa zamu ya sebule yake.

Akamnunia dada yake. Akamnunia miaka na miaka. Lakini kazi hawakuiacha. Kila asubuhi walishika ncha zao, wakavutana, bila neno.

Binti wa Mama Kamba anasema: "Mama akirudi ananiambia, 'Leo mjomba wako kanivuta vizuri.' Ndiyo salamu pekee aliyokuwa anapata. Ilimuuma sana."

Mwezi uliopita Mama Kamba akalazwa. Sauti ikamkatika. Mdogo wake akaja, akasimama miguuni pa kitanda. Mtu mzima na mvi zake! Akashika pindo la shuka, akavuta mara moja. Nimeshika.

"Mkono wa mama ukasogea," anasema binti. "Ukavuta mara mbili."

Soma.

Mjomba akalia. Kisha akasoma: "Dada, mpaka ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyejenga vibaya."

Mama Kamba alituaga siku iliyofuata. Pole sana, binti. Pole, mjomba. Poleni nyote mlioshika utepe pamoja naye. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna nduguyo mmenuniana, usingoje shuka la hospitali. Vuta upande wako leo.