Bwana Hodi Akabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni, Bwana Hodi anastaafu baada ya kutembeza wageni kwa miaka thelathini na moja katika nyumba na shamba la marehemu msanifu majengo maarufu, ambayo sasa ni makumbusho. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na mkewe na ofisi ya mishahara tu. Sisi wengine tunalo hilo moja, na mwenyewe huliitikia vizuri.

Alianza kazi kwa kufyeka majani kando ya bwawa. Siku moja mtembeza wageni akapatwa na kwikwi isiyokoma, basi yeye akaweka fyekeo chini, akafuta viatu na kulipandisha kundi zima ghorofani. Hakurudi tena bwawani, na majani yamekuwa yakituringia tangu hapo.

Ana utaratibu wake. Kabla ya kumwingiza mgeni yeyote, hugonga mlango wa mbele na kupiga hodi, ingawa mwenye nyumba alifariki zamani na ndani hamna mtu. Husubiri kidogo, ndipo hufungua. Ukimuuliza sababu, hukwambia hawezi kuingia kwa mtu kimyakimya kama paka. Mkewe, shemeji yetu mpendwa, anasema hata jikoni kwao hupiga hodi.

Mara moja alijibiwa. Fundi bomba alikuwa amejikunja chini ya sinki la bafuni, akasikia hodi, naye kama muungwana akaitikia karibu kwa sauti nzito. Bwana Hodi alitoka mguu niponye hadi kwenye miti ya matunda, wageni wote nyuma yake, wakidhani ni sehemu ya ziara. Wawili walirudi mwezi uliofuata wakaomba ile ya kukimbia.

Uongozi ulipotaka kuweka mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, ni yeye aliyekwenda ofisini kuuliza mtu atapigaje hodi kwenye mlango ulio wazi tayari. Mlango wa mbao upo mpaka leo, na bawaba zake bado zinalia. Wageni wengi huupiga picha kabla hata ya kuziona zile ngazi za mzunguko zilizompa msanifu sifa.

Wiki iliyopita alikuja kwenye dirisha langu la tiketi, akauliza kama siku akitutembelea atapanga foleni. Alicheka, lakini hakuondoka. Mwishowe akasema anaogopa kukabidhi funguo, asije akawa mtu wa nje kwenye nyumba aliyoifungua kila asubuhi.

Jibu ni hili. Foleni? Thubutu! Bwana Hodi, asante kwa kutufundisha kuingia kwa watu kwa adabu. Pumzika kwa afya na vicheko, na shemeji azidi kukuvumilia. Ukishakabidhi funguo, zunguka mpaka mlango wa mbele, gonga, upige hodi kama kawaida yako. Tutakuwa ndani sote, na fundi bomba tumemwita. Ukisikia tumeitikia karibu, tafadhali, safari hii usikimbie.